Mfalme Ndani ya Kopo la Biskuti

Jumanne, 1 Machi 1994

Kabati la sarafu la marehemu Wilfred Yelland litapata mlinzi mpya Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 10. Ametangaza Bi. Hesketh, mwenyekiti wa Chama cha Sarafu cha Thornbeck, leo mchana katika ukumbi wa kanisa, chai ikiwa bado ya moto. Wagombea ni wawili. Mimi, Ambrose Tidmarsh, mwandishi mstaafu wa habari za mahakamani. Na Lionel Fairbrass, daktari mstaafu wa meno, mtu ambaye hata akikusalimia anakutazama kinywani.

Utaratibu ni huu. Kila mgombea amekabidhiwa sarafu moja kutoka kabati hilo akae nayo nyumbani mpaka siku ya mkutano. Atakayeirudisha salama na kuieleza vizuri ndiye atakayeachiwa kabati zima. Droo za mahogani kutoka juu mpaka chini! Wafalme wote wa Uingereza wamelala juu ya mahameli! Nimelitamani kabati hilo tangu Yelland akiwa hai. Siku ya mazishi yake nililifikiria lenyewe zaidi kuliko nilivyomfikiria mwenyewe.

Fairbrass amepewa nusu krauni ya Malkia Anne. Mimi nimepewa krauni ya 1818. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tatu, upande wa pili Mtakatifu George juu ya farasi, joka chini ya kwato. Fedha tupu, nzito, karibu inajaza kiganja. Aliyetukabidhi ni mjane mwenyewe, Bi. Yelland, mwanamke mwembamba wa sweta la kijani ambaye huja mikutanoni kufuma tu. Alisema marehemu alizipenda mno, basi tuzitunze. Akarudi kwenye uzi wake.

Nimerudi kwa basi, mkono kifuani juu ya mfuko wa ndani. Dereva aliniuliza kama moyo unanisumbua. Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo.

Jumatano, 2 Machi

Nimeitazama krauni dirishani, mwanga wa kaskazini, kwa lenzi. Sijawahi kushika kitu kizuri hivi. Ukingoni ni bluu ya shingo ya njiwa. Ukiingia ndani inageuka zambarau, kisha dhahabu iliyofifia, kama chai isiyokolea. Hiyo ndiyo rangi ya uzee. Haitengenezwi. Inakuja yenyewe fedha ikilala kwenye mbao miaka nenda miaka rudi, na ndiyo inayotenganisha sarafu na kijiko.

Sheria zetu kuu ni mbili. Shika ukingo tu. Na usisafishe kamwe. Kamwe! Mwaka 1979 Bwana Prewett alisugua peni ya Edward wa Kwanza kwa dawa ya meno. Kiti chake bado kipo ukumbini na hakuna anayekikalia. Jina lake likitajwa, watu hutazama viatu vyao.

Fairbrass amepiga simu wakati wa chakula. "Mgeni wako kalalaje, mzee? Wangu nimempa chumba cha mbele." Nikasema wangu kalala salama. Akasema anashukuru kusikia, maana kwa mikono yangu ilivyo, yeye asingenikabidhi hata kikombe cha plastiki. Akacheka mwenyewe. Nikakata simu kwa adabu.

Nikarudi dirishani. Hapo ndipo nilipoona doa.

Liko kwenye taya la mfalme. Dogo, ukubwa wa kichwa cha pini, jeusi. Labda mbu alifia hapo zamani za Malkia Victoria. Bila lenzi halionekani. Lakini mkutanoni lenzi zitakuwepo, na Malkia Anne wa Fairbrass hana doa hata moja. Nilihakikisha jana wakati anamfunga kwenye karatasi.

Nimejiambia niliache. Nimelifunika kwa kidole, angani, bila kugusa. Mfalme bila doa! Nimeogopa jinsi nilivyofurahi.

Ijumaa, 4 Machi

Nimefanya jambo.

Ukweli kwa mpangilio wake. Dada yangu Hilda, ninayeishi naye tangu afiwe na mumewe, alikwenda mazoezi ya kwaya asubuhi. Kabatini jikoni ana chupa ya dawa ya kung'arishia vijiko vyake vya fedha. Mimi nina vijiti vya pamba. Nilichovya kijiti kimoja, nikakikamua, nikagusa doa. Doa tu. Doa likatoka. Ushindi!

Kisha nikatazama. Pale lilipokuwa doa kulikuwa na kiraka cheupe, cheupe pepe, ukubwa wa njegere. Mfalme alionekana kama mtu aliyenyolewa shavu moja, kisha kinyozi akaitwa nje.

Kiraka kile kisingeweza kubaki. Mtoto angekiona. Nikawaza: nikilainisha kidogo pembeni, mpaka wa kiraka hautaonekana. Nikalainisha. Mpaka ukahama. Nikaufuata. Ulipofika sikioni nilikuwa naomba Mungu. Ulipofika kwenye nywele nilikuwa siombi tena. Nikaona afadhali kichwa chote kifanane. Kichwa kikafanana, uwanja wa nyuma ukakataa. Mwisho nikaitumbukiza yote kwenye bakuli, farasi, joka na mtakatifu wake.

Imetoka ikimeta kama mfuniko wa sufuria mpya. Hakuna bluu. Hakuna zambarau. Miaka zaidi ya mia na sabini imekwenda na maji ya sinki la Hilda.

Nimeketi sakafuni. Hilda aliporudi aliniuliza nafanya nini chini. Nikasema natafuta miwani. Akasema, "Ipo puani, Ambrose."

Jumamosi, 5 Machi

Sikula kiamsha kinywa. Kila simu ikilia nasikia jina la Prewett.

Nimepima njia. Ya kwanza, kukiri. Haipimiki. Ya pili, kuhama mji. Hilda ana kwaya, hatakubali. Ya tatu, kuirudisha rangi.

Mwaka juzi mgeni kutoka Leeds alitupa mhadhara kuhusu matapeli wanaotia sarafu uzee wa bandia. Alieleza kwamba yai likichemshwa sana, kiini chake hutoa salfa, na fedha ikifungiwa pamoja nacho hubadilika rangi yenyewe: kwanza dhahabu, kisha zambarau, kisha bluu. Akaonya kwamba ukizidisha inakuwa nyeusi. Siku ile nilisimama na kuwalaani matapeli hao kwa sauti kubwa kuliko wote. Nashukuru nilisikiliza kila neno.

Nikaenda sokoni kununua mayai. Mengi, ili nisirudi tena. Nageuka na trei mkononi, nani nyuma yangu? Fairbrass.

Akatazama mayai. Akanitazama mimi. "Jeshi linakuja kwenu?"

Nikasema Hilda anaoka keki za kanisa.

"Hilda yule aliyeniambia juzi kaachana na kuoka kwa sababu ya mgongo?"

Nikasema mgongo umepona. Akasema Mungu mkubwa. Akaongeza kwamba mtu wa umri wangu akila mayai yote yale, tumbo lake litafunga mpaka Pasaka. Muuza mayai alicheka. Nilitaka kucheka pia ili nisishukiwe, ikatoka sauti kama ya mlango.

Jumapili, 6 Machi

Hilda alikwenda ibadani. Nilimwambia nina mafua. Alipofunga mlango tu nikawasha jiko. Nimechemsha mayai mpaka yakapasuka, nikaponda viini, nikavipanga ndani ya kopo la biskuti la bati, lile lenye picha ya kasri la Windsor. Katikati nikaweka kisosi, na juu ya kisosi mfalme. Nikafunika. Nikaweka kopo karibu na bomba la maji ya moto, maana joto huharakisha.

Sikuhesabu mambo mawili. La kwanza, mfuniko wa kopo umepinda. La pili, Hilda alimwalika kasisi chakula cha mchana.

Walipoingia, harufu ilikuwa imefika ukumbini mwetu na kuvua kofia. Kasisi Loveday ni kijana mpole. Alisimama mlangoni, akameza mate, akasema nyumba yetu ina joto zuri. Hilda alisimama katikati ya sebule kama mbwa wa polisi. "Ambrose. Kuna kitu kimekufa humu ndani?"

Nikasema ni bomba la maji machafu. Neno la kwanza lililonijia.

Tukala nyama ya kuchoma na viazi, madirisha yote wazi, makoti mwilini. Kasisi aliombea chakula kwa ufupi usio wa kawaida yake. Aliniambia mafua yangu ni baraka, kwa kuwa sinusi kitu. Nilikuwa nanusa kila kitu. Kopo lilikuwa nyuma ya kiti chake. Kila alipoegemea nilishika meza.

Hilda amesema kesho ataita fundi bomba.

Jumatatu, 7 Machi

Fundi amekuja. Jitu kubwa liitwalo Skelhorn. Ameinama kwenye sinki, ameinama uani, amesema mabomba yetu ni mazima kuliko yake ya nyumbani. Hilda akamwambia, "Fundi, pua yangu si kipofu." Basi Skelhorn akachimba uani. Amekata mizizi ya mawaridi ya marehemu mama. Nilishika tochi.

Alipokuwa shimoni nilifunua kopo. Upande wa farasi umeanza kuwa njano. Upande wa mfalme bado unameta kama siku ya dhambi. Nimemgeuza, nimeongeza viini.

Hofu yangu sasa ina makazi maalumu. Iko chini ya mbavu za kushoto na inaamka kabla yangu.

Jumanne, 8 Machi

Mwenyekiti alikuja bila kualikwa. Bi. Hesketh alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, na bado akiingia chumbani unajikuta umesimama. Alisema anapita kwa wagombea wote wawili kuziona sarafu kabla ya siku. Kwa Fairbrass ameshapita, Malkia Anne yuko vizuri sana. "Sasa nionyeshe wako, Bwana Tidmarsh."

Nikasema iko benki. Kwenye sanduku la chuma. Nilisema sikuweza kulala na kitu cha thamani hivyo chini ya paa moja na fundi bomba.

Uso wake ukalainika! Akasema hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyosikia mwaka huu. Kwamba Fairbrass ameiacha yake juu ya piano, karibu na paka. Kwamba atamwambia Bi. Yelland kuhusu benki leo hii. Kila sifa ilinichoma. Angenipiga ningepumua.

Kisha akaketi kunywa chai, akatazama huku na huku, akanyoosha mkono kwenye kopo la Windsor. "Naona una biskuti."

Nililinyakua. Sikumbuki kusimama. Nilikuwa nimelikumbatia kifuani, na kisosi kilikuwa kinagonga ndani, kong, kong.

"Zimeoza," nikasema.

Akanusa. "Nasikia." Akasema mwanamume asiye na mke huonekana kwenye biskuti zake, akavaa glavu akaondoka.

Jumatano, 9 Machi

Nimefunua kopo. Nyeusi! Nyeusi kama ndani ya bomba la moshi. Mfalme hana macho. Joka na mtakatifu huwezi kujua nani anamuua nani.

Nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nyeusi ikapungua, ikaacha rangi. Rangi nyingi. Chungwa, kijani, bluu ya tausi, na mstari wa waridi kupita puani. Kwa karibu ni kama petroli iliyomwagika njiani. Kwa mbali, macho yakifumbwa nusu, ni nzuri. Nimeipeleka mwisho wa ukumbi wetu na kurudi hatua hadi mlangoni. Nzuri kabisa. Nilipata tumaini, na tumaini lilinitisha zaidi ya hofu.

Mpango. Kesho nitafika mapema ukumbini. Taa iliyo juu ya upande wangu wa meza nitailegeza kidogo. Nitaomba kuwa wa mwisho, watu wakiwa wamechoka. Nitazungumza kwa kirefu kuhusu aliyechonga joka lile, mpaka wapate usingizi. Nimepaka pia marashi ya Hilda kwenye karatasi ya kufungia.

Alhamisi, 10 Machi

Naandika mara tu baada ya kufika nyumbani, kabla Hilda hajauliza.

Taa niliilegeza. Ikaanguka. Mhudumu wa ukumbi akaleta nyingine, yenye nguvu zaidi, akaiweka juu ya kichwa changu.

Fairbrass alitangulia. Malkia Anne alizunguka meza juu ya mto wa mahameli, mkono kwa mkono, kila mtu akishika ukingo tu, akivuta pumzi. Kijivu chenye moshi wa bluu. Safi. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Fairbrass aliketi akanikonyeza.

Ikaja zamu yangu. Nilizungumza kuhusu mchongaji mpaka Bi. Hesketh akagonga meza kwa kalamu. Mto ukaanza safari. Mzee Mossop aliyekaa kwanza alisema, "Loo." Aliyefuata akasema rangi zimekolea kweli. Mwingine akasema hajawahi kuona krauni ya hivi, na sikuweza kujua ni sifa au la. Bi. Hesketh aliweka lenzi jichoni, akaigeuza sarafu mara mbili, kisha akasema kwamba benki hakika ina unyevu. Nilianza kuamini. Nilijiona nikivuta droo ya kwanza.

Mto ukafika kwa Fairbrass. Hakuchukua lenzi. Aliinamisha pua.

"Marashi," akasema. Akanusa tena. "Na chini ya marashi... Mabibi na mabwana, nimenusa vinywa vya mji huu miaka arobaini. Hili ni yai."

Mtu aliangusha skonzi.

Nimekaa mahakamani nikiandika jinsi watu wanavyokiri. Siku zote nilishangaa kwa nini wanasema zaidi ya walivyoulizwa. Leo nimejua. Bi. Hesketh aliuliza tu, "Bwana Tidmarsh?" nami nikasimama nikasema yote. Doa. Kijiti. Shavu. Bakuli. Mayai. Benki ya uongo, biskuti, mawaridi ya mama. Nilipofika kwenye neno "nilisafisha", Mzee Mossop alishika moyo wake. Wawili walitazama kile kiti kisichokaliwa. Mmoja alitazama viatu.

Bi. Hesketh akaanza kusema kwamba katika uhai wote wa chama hiki. Hakumaliza. Bi. Yelland alikuwa ameweka chini uzi wake.

"Ngoja kwanza, Bi. Mwenyekiti. Wewe kijana." Nina miaka sitini na saba. "Unasema uliisafisha?"

Nikasema ndiyo, nikaomba radhi.

"Yote?"

Yote.

"Ikang'aa?"

Nikasema iling'aa kama kijiko cha harusi, na kwamba sitajisamehe.

"Halafu ukaitia kwenye mayai ikachafuka tena?"

Nikasema ndivyo.

"Mtu mzima na akili zako!"

Akasimama. Sikujua ana sauti ile. Akasema maisha yake yote ya ndoa amekaa na uchafu ule sebuleni. Wageni wakija, Wilfred anavuta droo, anawaonyesha vipande vyeusi, yeye anaona aibu mpaka kisogoni. Aliomba apitishe kitambaa mara moja tu, Krismasi. Wilfred akasema akithubutu atalala kwa dada yake. Mwisho akaamini labda uchafu ule haung'oki. "Kumbe unang'oka! Na hakuna aliyeniambia! Mmekula keki zangu miaka yote hii na hakuna aliyeniambia!"

Bi. Hesketh akainuka, uso mweupe. "Bi. Yelland, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi." Akamgeukia Fairbrass. "Wewe daktari. Nikikupa kabati, utazisafisha?"

Fairbrass akasema heri afe.

"Basi hulipati. Meno ya watu unasugua, fedha yangu hutaki." Akanigeukia mimi. "Nawe ungelipata. Ungelipata leo hii! Lakini mtu anayesafisha kitu kisha akakichafua makusudi, huyo simwelewi. Nitazisafisha mwenyewe. Dawa gani ulitumia?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Bi. Hesketh alitikisa kichwa, hapana, hapana. Fairbrass alikuwa ameunganisha mikono kama anasali. Nilijua la kufanya. Lakini Bi. Yelland alikuwa amesogea, kidole chake kiko kifuani pangu, nami tayari nilikuwa mtu wa kukiri zaidi ya alivyoulizwa.

Nikamwambia. Jina la dawa, duka, rafu ya pili kulia, na kwamba asikae nayo sana kwenye bakuli.

Alirudia kwa sauti ili asisahau. Akaishika krauni katikati kama biskuti, vidole vyote juu ya uso wa mfalme, akaitia mfukoni mwa sweta. Akasema ataanza Jumanne, maana Jumatatu anatengenezwa nywele.

Ijumaa, 11 Machi

Kamati ya dharura imekutana asubuhi nyumbani kwa Bi. Hesketh. Uamuzi wa kwanza: nimesimamishwa kugusa sarafu yoyote ya mwanachama yeyote mpaka taarifa nyingine. Uamuzi wa pili: nimeteuliwa kuliokoa kabati. Nilipouliza inakuwaje nipewe vyote viwili, Bi. Hesketh alisema kwamba mlango wa Bi. Yelland umefungwa kwa wote. Mossop alikwenda na maua, akaambiwa ayaweke chini ya mlango. Mimi ndiye pekee ambaye mjane huyo hajamkataza. "Kamzuie, Bwana Tidmarsh. Sijali unasema nini. Kwa bahati mbaya kusema uongo unajua."

Kisha Fairbrass akaja hapa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alisimama juu ya udongo wa Skelhorn, kofia mkononi. "Ambrose, ndugu yangu. Kuna sarafu ya Cromwell kwenye droo ya katikati. Cromwell! Hajaguswa na mtu tangu alipotoka kwenye mashine. Asubuhi moja tu na bakuli lile..." Hilda alimpa chai. Nilimhurumia, nikaahidi. Nilimaanisha.

Alipoondoka simu ikalia. Bi. Yelland. Sauti tulivu kabisa. Amesema amelitafakari jambo hili usiku kucha na hasira imepungua. Amesema kwamba katika chama chote, ni mimi tu niliyewahi kuwa na ujasiri wa kusugua. Mikono yake ina baridi yabisi, droo ni nyingi, angefurahi nikimsaidia Jumanne. Niache mayai nyumbani tu. Na kama kazi itakwenda vizuri, atalifikiria upya suala la kabati.

Nimesema ndiyo. Kwa hiyo nimesema ndiyo kwa wote.

Nimeogopa tangu nilipoweka simu chini. Lakini nimefikiri, kwa utulivu. Kumkataza hakutasaidia, atafanya peke yake, na vidole vile. Hilo kamati haikulipima. Kama lazima Cromwell asafishwe na mtu, ni afadhali asafishwe na mtu anayempenda. Nitashika ukingo tu. Nitagusa kidogo, sehemu moja, ili Bi. Yelland aone jinsi inavyoharibu, naye mwenyewe ataacha. Nilichokosea Ijumaa iliyopita ni kijiti. Pamba hutawanya dawa. Nimenunua brashi ya kuchorea, ile ndogo kuliko zote, na chupa mpya ya dawa, maana Hilda ameificha yake.

Jumanne, tarehe 15 Machi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Bi. Yelland. Amesema nije na aproni.